Hataza au haki ya mgunduzi wa mbegu? Ulinganisho kwa mtu wa Kigoma mwenye sifa mpya ya mmea

Hapa Kigoma swali hili huja kutoka pande mbili. Upande mmoja yupo kijana aliyesomea uzalishaji wa mimea. Ana wazo la kubadili jeni ya muhogo ili ustahimili ugonjwa wa michirizi kahawia, na anataka kujua kama anaweza kuuombea hataza kabla mwingine hajamwahi. Upande wa pili yupo katibu wa kikundi cha wakulima kule Kasulu. Kikundi chake kimeletewa mbegu ya maharage yenye jina zuri na kifungashio kinachong'aa, naye anataka kujua kama wakibakiza debe moja la kupanda msimu ujao kuna mtu atakuja kuwadai.

Wote wawili wanauliza jambo moja: sifa iliyo ndani ya mmea ina mwenyewe au haina, na huyo mwenyewe ana nguvu kiasi gani? Njia za kuishika sifa hiyo ni nne. Kuna hataza (patent), kuna haki ya mgunduzi wa mbegu, kuna kuficha wazazi wa mbegu, na kuna kuiachia watu wote. Mbili za kwanza ndizo zinazochanganywa kila siku, hata na wataalamu, kwa hiyo nitazikalia zaidi. Ila msimamo wangu niuweke mezani mapema: kabla hujafungua kitabu cha sheria, tazama zao lako linazaana vipi. Mchikichi, maharage na muhogo vinaweza kubeba sifa ya thamani ileile, na bado kila kimoja kikakutuma kwenye mlango tofauti.

Kila moja inashika nini

Hataza hulinda uvumbuzi: kitu kipya, kisichokuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na kinachoweza kutumika katika uzalishaji, kilimo kikiwemo. Kwa mmea uliobadilishwa vinasaba, wanasheria huandika madai yao kwa ngazi. Huanza na kipande cha jeni kilichotengenezwa maabara, kisha kiwashio kinachoiamuru jeni ifanye kazi kwenye jani au kwenye mzizi, kisha njia ya kukiingiza na seli iliyokipokea. Katika nchi zinazoruhusu, hufika hadi kwenye mmea mzima na mbegu zake. Muda wa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuomba.

Haki ya mgunduzi wa mbegu haijali jeni hata kidogo. Inalinda aina moja ya mmea yenye jina lake, na mitihani yake ni mingine kabisa. Aina hiyo iwe haijauzwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, iwe tofauti na aina zote zinazojulikana, mimea yake ifanane shambani, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2012, Zanzibar ina yake ya 2014, na tarehe 22 Novemba 2015 nchi ikaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea wenye makao Geneva. Ulinzi hudumu miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu.

Kwa lugha ya jikoni, haki ya mgunduzi inahesabu sufuria, hataza inafuata chumvi hata ikihamia sufuria ya jirani. Ukiwa na haki ya mgunduzi juu ya aina fulani ya maharage, umeshika aina hiyo tu. Ukiwa na hataza juu ya jeni fulani iliyotengenezwa, umeshika kila aina itakayoibeba, iwe ya kwako, ya TARI (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo) au ya kampuni ya Nairobi, mradi uko ndani ya nchi ambako hataza hiyo imesajiliwa.

Tofauti ya pili inamhusu mtafiti mwenzako. Chini ya haki ya mgunduzi, mtu yeyote anaweza kuchukua aina yako, kuichavusha na nyingine, na kupata aina mpya bila kukuomba ruhusa. Ni uhuru wa makusudi, maana uzalishaji wa mbegu tangu zamani umekwenda kwa kupandana mabegani. Hataza haina uhuru mpana wa namna hiyo, na Marekani uhuru huo karibu haupo kabisa.

Hapa kuna mtego ambao vijana wengi wa maabara hawaujui. Mkataba wa UPOV wa 1991 una kipengele cha aina iliyotokana kwa kiini na aina nyingine. Maana yake ni hii: ukichukua aina ya mtu iliyolindwa, ukahariri jeni moja tu na kuacha mengine yote yalivyo, unaweza kuilinda aina yako, lakini hutaiuza bila ruhusa ya mwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo kijana wetu anayetaka kuhariri muhogo aanze kwa kuuliza muhogo huo ni wa nani. Akianza na aina ya wakulima, kama Kiroba, hana wa kumwomba leseni ya aina. Akianza na aina iliyolindwa, anajenga kwenye kiwanja cha mtu.

Tofauti ya tatu inamhusu mkulima, na ndiyo iliyowafanya watu waiogope hataza. Marekani, mkulima wa Indiana aliyeitwa Vernon Bowman alinunua soya ya kawaida ya sokoni kutoka ghalani, akaipanda, akapulizia dawa ya magugu, kisha akabakiza mbegu za mimea iliyosalimika. Alijua kuwa soya nyingi ya eneo lile ina jeni ya kampuni ya Monsanto ya kuvumilia dawa hiyo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilisema kununua mbegu hakukupi haki ya kutengeneza nakala zake. Alidaiwa dola 84,456. Kanada, Percy Schmeiser wa Saskatchewan alishindwa mwaka 2004 kwa kura tano dhidi ya nne, kwa kubakiza na kupanda kanola yenye jeni iliyokuwa na hataza, ingawa mahakama haikumtoza fidia. Watu husimulia kesi ya Schmeiser kana kwamba alionewa kwa chavua iliyopeperushwa na upepo. Hukumu yenyewe ilisimama juu ya kwamba alijua, au alipaswa kujua, kisha akabakiza mbegu na kuzipanda eneo kubwa.

Sheria yetu ya 2012 haina ukali huo. Matumizi ya binafsi yasiyo ya biashara yameachwa huru, majaribio yameachwa huru, na waziri amepewa mwanya wa kutaja mazao ambayo mkulima anaweza kubakiza sehemu ya mavuno na kuipanda kwenye shamba lake mwenyewe. Tatizo linaanzia pale unapoiuza kama mbegu.

Nini hataza haiwezi kufanya Tanzania

Sheria ya hataza ya Tanzania Bara, ambayo usajili wake uko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, imezitoa nje aina za mimea na za wanyama, pamoja na njia za kuzalisha mimea au wanyama ambazo kwa kiini ni za kibayolojia. Njia za kutumia vijidudu na mazao yake hazikutolewa. Kwa hiyo ukichavusha maharage mawili kwa mkono pale Buhigwe ukapata moja linalokomaa mapema, hataza usahau. Una kipande cha jeni ulichokitengeneza, au njia mpya ya kukiingiza? Hapo kuna jambo la kuzungumza na mwanasheria, na mlango wa pili ni ARIPO, shirika la nchi za Afrika la milki ubunifu lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, Tanzania ikiwemo.

Sheria hiyo haikuandikwa kwa ukaidi. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ibara ya 27.3(b), unaziruhusu nchi kuzinyima mimea hataza mradi ziwe na mfumo mwingine wa kulinda aina. Nchi maskini zaidi, sisi tukiwemo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 hata kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mkataba huo. Marekani imekwenda njia nyingine. Mwaka 1980, katika kesi ya Chakrabarty, mahakama yake ilikubali hataza ya bakteria aliyebadilishwa ili avunje mafuta, na mwaka 2001 ikathibitisha kwamba mimea inayozaliana kwa mbegu inaweza kupata hataza ya kawaida. Ulaya imekaa katikati: aina ya mmea haipewi hataza, uvumbuzi wa kiufundi unaoweza kuingia kwenye aina nyingi unapewa, na tangu maamuzi ya mwaka 2020 ya ofisi yao ya hataza, mimea inayopatikana kwa uchavushaji wa kawaida peke yake imewekwa nje.

Hili lina matokeo makubwa kuliko watu wanavyodhani. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Jeni iliyosajiliwa Washington na isiyosajiliwa kwetu haina mwenyewe kwenye shamba la Uvinza. Mtu akikutisha kwamba "mbegu hii ina hataza Marekani", mwulize namba ya usajili wa hapa.

Mchikichi: mmea wenye kufuli ndani yake

Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni dura, yenye ganda nene na nyama kidogo ya mawese. Kuna aina ya pili, pisifera, isiyo na ganda, lakini mara nyingi maua yake ya kike huharibika na mti hauzai. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Kibelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, wakiwa Yangambi ng'ambo ya ziwa huko Kongo, walieleza siri yake: ukichavusha dura kwa pisifera unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30. Hiyo ndiyo mbegu ya kisasa inayozalishwa TARI Kihinga tangu serikali ilipolivalia njuga zao hili mwaka 2018.

Sasa angalia kinachotokea mkulima wa Mwandiga akiokota mbegu chini ya mti wake wa tenera na kuziotesha. Robo ya miche itarudi kuwa dura, nusu itakuwa tenera, na robo nyingine itakuwa pisifera, miti ya kivuli. Atagundua hayo baada ya miaka mitatu au minne, shamba likiwa limeshakaa. Hakuna sheria iliyomzuia kuokota, kanuni za urithi zimemzuia. Mwenye miti mama na miti baba ndiye mwenye biashara, na akiwatunza ndani ya uzio hahitaji hataza wala haki ya mgunduzi. Mahindi chotara yanakwenda kwa mantiki hiyohiyo.

Kwa mchikichi, basi, kuficha wazazi ni ulinzi tosha wa mbegu. Hataza inaingia mahali pengine: kwenye kipimo. Mwaka 2013 Bodi ya Mafuta ya Mawese ya Malaysia na kampuni ya Orion Genomics walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wameipata jeni ya ganda, wakaiita SHELL, na wakaombea hataza matumizi yake. Faida yake ni kwamba unachuna kipande cha jani la mche kitaluni, unapima, unajua kama ni dura, tenera au pisifera kabla hujauza. Miongoni mwa mabadiliko mawili ya jeni waliyoyaeleza, moja lilitoka kwenye ukoo wa pisifera wenye asili ya Kongo. Mti wa upande wa pili wa Tanganyika ukasafiri hadi Asia, ukasomwa huko, na madai ya kisheria yakaandikwa huko. Sisemi ni wizi, maana kazi ya kuisoma jeni ilikuwa kubwa na ilifanywa na wao. Nasema tu kwamba tulikuwa na michikichi na hatukuwa na maabara.

Kwa mtu wa Kigoma anayewaza kubuni kitu kwenye mchikichi, ushauri wangu ni kwamba fedha iko kwenye uhakika wa mche. Mkulima aliyeuziwa dura kwa jina la tenera ameumia kwa miaka 25 ya umri wa shamba. Njia rahisi ya kupima miche, tofauti na ile iliyokwisha kuombewa hataza, ni uvumbuzi wa kuombea hataza hata hapa nchini, kwa sababu ni njia ya kiufundi na wala si aina ya mmea.

Maharage: yanazaa nakala yake yenyewe

Maharage hujichavusha. Ulichopanda ndicho unachovuna, mwaka nenda mwaka rudi, na ndiyo maana kampuni nyingi za mbegu hazina hamu nayo. Haki ya mgunduzi inafaa kwenye karatasi, na inambana muuza mbegu mwenye duka. Mama wa Heru Juu anayebadilishana bakuli la mbegu na shemeji yake haimgusi, wala haina sababu ya kumgusa.

Kisa cha kukumbuka hapa ni cha maharage ya njano. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, alinunua maharage Mexico, akachagua ya njano, akayapanda kwa misimu kadhaa, na mwaka 1999 akapewa hataza ya Marekani juu ya aina aliyoiita Enola. Baada ya hapo akaanza kuwadai walioingiza maharage ya njano kutoka Mexico. Kituo cha utafiti cha CIAT cha Colombia kikapinga mwaka 2000, kikiwa na sampuli za njano kwenye benki yake ya mbegu. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba Enola haina tofauti na aina ya Mexico iliyokuwapo tayari. Ofisi ya hataza ilitengua mwaka 2008 na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2009. Hataza mbovu ilidumu miaka kumi, na katika miaka hiyo biashara ya watu iliumia.

Nani aliyeyaokoa maharage yale? Sampuli zilizohifadhiwa na rekodi zenye tarehe. Sisi wa Kigoma tunajisifu kwa maharage ya njano ya Kasulu na Kibondo, sokoni Dar es Salaam yanaulizwa kwa jina la mkoa. Zipo wapi sampuli zake? Benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha, na mbegu isiyopelekwa huko, isiyoandikwa popote, ni vigumu kuthibitisha kwamba ilikuwapo kabla ya mwenye hataza kuamka. Kwa vyama vya ushirika hii ni kazi nyepesi na ya gharama ndogo kuliko kesi yoyote.

Kwa mwenye aina mpya ya maharage aliyoichagua mwenyewe, chaguo langu ni haki ya mgunduzi endapo tu ameshapata kampuni au wakala wa kuizalisha na kumlipa mrabaha. Kama hana, kuna njia ya mbegu za kuazimiwa ubora, ile inayojulikana kwa kifupi chake QDS, ambapo kikundi kilichosajiliwa huzalisha aina iliyokwisha kuidhinishwa na kuuza ndani ya wilaya yake chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Haimpi mtu umiliki, inampa soko. Na tafadhali, kuidhinishwa kwa aina ili iuzwe chini ya sheria ya mbegu ya 2003 ni jambo moja, na kuwa na haki ya mgunduzi ni jambo lingine. Nimesoma matangazo mengi yanayochanganya haya mawili.

Muhogo: hapa sheria zote zinachoka

Muhogo unapandwa kwa pingili, na kila pingili ni mama yake mtupu. Ukimpa jirani mzigo mmoja umempa aina nzima. Pingili zinavuka vijiji kwa baiskeli na mito kwa mitumbwi, na hakuna mwenye haki atakayezifuata.

Michirizi kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, aliyekuwa kituo cha Amani, Tanga. Yeye na mwenzake Nichols walichavusha muhogo na ndugu zake wa porini, ukiwemo mpira wa Ceara, na kutoka kwenye kazi hiyo ikapatikana aina inayoitwa Namikonga hapa kwetu na Kaleso kule Kenya, ambayo watafiti wanaitumia hadi leo kama chanzo cha ustahimilivu. Hakuna aliyeiwekea hataza. Ilisambaa, ikapotea jina, ikapewa mengine, ikarudi maabara. Linganisha na Kenya, ambako mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba kuukabili ugonjwa huohuo, kwa mbinu ya kuifanya mimea izime chembe za virusi. Sifa ni ileile, njia ni mbili: moja ilichukua miongo ya uchavushaji na ikabaki mali ya wote, nyingine imepita kwenye maabara, mikataba ya leseni na idara za serikali.

Kwa kijana wetu, nasema hivi bila kuzunguka. Hataza juu ya jeni ya muhogo itakusaidia kujadiliana na taasisi na makampuni, haitakusaidia kukusanya senti kwa mkulima wa Kakonko. Ukitarajia kipato, kiko kwenye pingili safi. Wakulima hulipia pingili zilizokaguliwa zisizo na batobato wala michirizi, kwa sababu virusi hujilimbikiza na pingili za zamani huchoka. Biashara hiyo inarudi kila baada ya misimu michache, iwe na hataza au isiwe nayo.

Kibali cha tatu ambacho watu husahau

Hataza inakupa haki ya kumzuia mwingine. Haikupi ruhusa ya kupanda. Mmea uliobadilishwa vinasaba Tanzania uko chini ya Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Kanuni hizo zilimbebesha anayeuingiza mmea dhamana ya madhara hata kama hakuthibitishwa kuwa mzembe, na mwaka 2015 zililegezwa kwa ajili ya utafiti. Ndipo Oktoba 2016 yakapandwa mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma, chini ya WEMA, mradi wa mahindi yanayostahimili ukame. Jeni ya ukame iliyokuwamo ilikuwa ya Monsanto, imetokana na bakteria, nayo ilitolewa kupitia taasisi ya AATF ya Nairobi bila kumtoza mkulima mrabaha. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafunga.

Somo lake kwa anayelinganisha njia ni la kihesabu. Miaka 20 ya hataza inaanza kuhesabiwa siku ya kuomba, na haisubiri kibali. Ukiomba leo na kibali cha kupanda kikaja baada ya miaka 12, umebakiwa na minane. Mmea uliozalishwa kwa uchavushaji wa kawaida haupiti mlango huo, unakwenda moja kwa moja kwenye majaribio ya kawaida ya mbegu. Mimi, kwa mtu aliye Kigoma leo na mtaji mdogo, hilo peke yake lingenitosha kuchagua uchavushaji pamoja na haki ya mgunduzi.

Kushika hataza na bado kuachia

Wapo wanaodhani hataza na ukarimu havikai nyumba moja. Mchele wa dhahabu, uliotengenezwa na Ingo Potrykus na Peter Beyer na kutangazwa mwaka 2000 ili kuongeza vitamini A, uligusa hataza zipatazo 70 za wamiliki zaidi ya 30. Uliokolewa na leseni ya kibinadamu: mkulima wa nchi inayoendelea mwenye kipato cha chini ya dola 10,000 kwa mwaka kutokana na kilimo chake halipi kitu, na anaruhusiwa kubakiza mbegu. Kwa uhariri wa jeni wa CRISPR, taasisi ya Broad na kampuni iliyokuwa DuPont Pioneer walikubaliana mwaka 2017 kutoa leseni za kilimo kwa pamoja, na watafiti wa vyuo wanaitumia bure kwa utafiti. Kijana akiwa Chuo Kikuu cha Sokoine hana cha kulipa hadi siku atakapotaka kuuza.

Kama ukienda njia hii, andika masharti ya kuachia tangu mwanzo, ndani ya leseni. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi haimfungi atakayemrithi.

Kabla ya kusaini chochote

Mwajiriwa wa taasisi ya utafiti asome mkataba wake kwanza, kwa kawaida uvumbuzi uliofanyika kazini ni wa mwajiri, na kinachojadiliwa ni mgawo tu. Aliyechukua mbegu kutoka benki ya kimataifa asome makubaliano aliyosaini: mkataba wa FAO wa rasilimali za nasaba za mimea unakataza kuweka hataza au haki nyingine ya umiliki juu ya kilichopokelewa kwa hali kilivyopokelewa, na muhogo na maharage vimo kwenye orodha yake. Mchikichi haumo.

Anayewaza hataza asipeleke uvumbuzi wake Nane Nane Tabora kabla ya kuwasilisha ombi, kwa kuwa kilichoonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Anayewaza haki ya mgunduzi ana nafasi zaidi, ule mwaka mmoja wa mauzo ya nchini, lakini aandike tarehe ya mauzo ya kwanza na atunze risiti.

Na katibu wa Kasulu mwenye kifungashio kinachong'aa amwulize muuzaji mambo matatu, mbele ya wajumbe: aina hii imeidhinishwa kwa jina gani, ina haki ya mgunduzi iliyosajiliwa Tanzania au haina, na je, ni chotara? Kama si chotara, haina haki hiyo au zao limo kwenye orodha ya waziri, na wanabakiza kwa mashamba yao wenyewe, debe lao moja likae ghalani bila wasiwasi. Kama wanataka kuuza mbegu kwa kijiji cha jirani, wamwone afisa ugani na TOSCI kwanza, hata kama aina hiyo haina mwenyewe.